Utelezi wa Mtoni

Katika miaka niliyokuwa mkuu wa chuo nilitia sahihi barua nyingi sana: za ruhusa, za maonyo, za kuomba maharage, za kuwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, za rambirambi. Nyingi nimezisahau, na bila shaka waliopelekewa nao wamezisahau. Iko moja ya mwezi wa Machi 2004 ambayo sijaisahau. Ilikuwa na aya mbili tu na mhuri wa chuo chini yake, nayo ilisema kwamba maji ya kijito kinachopita nyuma ya chuo yamepimwa katika maabara na kuonekana hayana madhara. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale bwaloni, nyingine ikapelekwa ofisi ya kijiji. Ile ya kijijini ilikaa ukutani zaidi ya mwaka. Kila nilipopita niliiona, pembe moja imebanduka, karatasi imekuwa na rangi ya chai, lakini mhuri wangu bado unasomeka vizuri.

Nataka kueleza kisa cha barua ile. Kwa kuwa kisa chenyewe kinahusu zaidi utelezi wa mtoni kuliko barua, msomaji anivumilie kidogo.

Kijito ninachokisema hutoka juu katika milima ya Usambara Mashariki, na ni kimojawapo cha vijito vingi vinavyoingia mto Zigi. Mto Zigi nao huteremka hadi bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Nilipofika pale mara ya kwanza, mwaka 1981, nikiwa mkufunzi wa kemia, kijito kilipita kwenye giza la miti. Mawe yake yalikuwa meusi, masafi, na mtu aliweza kuvuka kwa viatu vya ngozi bila wasiwasi. Baadaye miti ya kingoni ilianza kupungua. Wengine walikata mbao, wengine walipanda iliki, kisha migomba, kisha mahindi, na jua likaingia mtoni. Kufikia katikati ya miaka ya 90 mawe yalikuwa yamegeuka rangi. Wakati wa kiangazi yalikuwa ya kijani kama yamevikwa zulia, na wanachuo waliokwenda kufua walikuwa wakianguka mara kwa mara. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono siku tatu kabla ya mtihani, ikabidi apewe mwandishi. Wao ndio waliolipa zulia lile jina la utelezi. Jina hilo lilishika hata miongoni mwa wakufunzi, ingawa vitabuni huitwa mwani.

Watu wa pwani wakisikia mwani hufikiria ule wa baharini, unaofungwa kwenye kamba kule Unguja na kuuzwa nje. Wa mtoni ni mwani vilevile, ila ni mdogo na hauna wa kuununua. Ukiuchunguza utaona si kitu kimoja. Kuna nyuzi ndefu za kijani, laini kama nywele za mtoto, ambazo ukizikamata zinaponyoka. Kuna nyuzi nyingine fupi zenye ukwaru, zinazoshika jiwe kama mswaki. Na kuna utando wa rangi ya hudhurungi, ambao macho huuona kama uchafu tu, kumbe ni maelfu kwa maelfu ya daitomu, viumbe vya seli moja vilivyojijengea maganda ya silika, yaani kitu kilekile kinachofanya kioo. Niliwahi kuwaonyesha wanachuo maganda hayo kwa hadubini yetu moja ya chuo. Walipanga foleni hadi saa ya chakula ikapita, na mama mpishi akanilaumu mimi.

Sasa nirudi kwenye barua. Mwishoni mwa mwaka 2003 na mwanzoni mwa 2004 habari zilienea kwamba kuna dhahabu Usambara Mashariki, upande wa Sakale. Maelfu ya watu walimiminika. Serikali iliwaondoa, lakini kama ilivyo kawaida ya mambo hayo, wengine walirudi kidogo kidogo, na wengine wakatawanyika kwenye vijito vya kando. Juu ya kijito chetu kilikaa kikundi kidogo tu. Hatukuwaona, ila tuliona maji. Kijito kilichokuwa cheupe mwezi wa Januari kilianza kuja na rangi ya maziwa ya chai nyakati za asubuhi, kisha jioni kinatakata. Na palipo na wachimbaji wadogo wa dhahabu, mtu huuliza mara moja habari za zebaki, kwa sababu ndiyo wanayoitumia wengi wao nchini kukusanya chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga. Zebaki hushikana na dhahabu, mchanga unaoshwa, kisha lile donge linachomwa moto. Zebaki inapanda hewani kama mvuke, dhahabu inabaki. Sehemu fulani humwagika na kwenda na maji. Sikuwa na ushahidi kwamba wale wa kwetu wanaitumia. Lakini chuo kilikuwa na wanachuo zaidi ya mia tatu, na wote walikunywa, walifua na walipikiwa kwa maji yale.

Niliitisha kikao. Tukakubaliana tuchukue maji tupeleke maabara mjini. Gharama ilikuwa kwa kila sampuli, na fedha za matumizi za robo ile ya mwaka zilikuwa hazijafika, kwa hiyo tukachota kwenye mfuko wa mradi wa kuku. Ilitosha sampuli moja. Nilikwenda mwenyewe mtoni, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, baada ya vipindi. Nilikuwa na chupa safi niliyopewa na watu wa maabara, na nyuma yangu walikuwa mkufunzi wa biolojia na wanachuo wanne wa mwaka wa pili. Maji yalikuwa yametakata. Mawe yalikuwa ya kijani kuliko nilivyowahi kuyaona, kwani mvua ilikuwa haijanyesha wiki nyingi, maji yalikuwa haba na ya taratibu, na jua lilikuwa kali.

Yule mkufunzi wa biolojia alikuwa binti mdogo, ana mwaka wa pili kazini, mpole, na hakuwa na desturi ya kubishana na wakubwa. Nilipokwisha kufunga kizibo alisema, "Mkuu, naomba tuchukue na utelezi pia. Tuukwangue, tuukaushe, upelekwe pamoja na maji."

Nikamwuliza wa nini.

"Chupa itatuambia habari za leo saa tisa," akasema. "Huu utelezi uko hapa tangu vuli. Umekuwa ukipokea kila kilichopita."

Mbele ya wale wanachuo wanne nilimjibu, "Mwalimu, sisi tunakunywa maji. Hatunywi utelezi."

Wanachuo walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tukapanda mlima kurudi chuoni. Njiani tulipishana na watoto watatu wa kijijini wanaoteremka na kipande cha kanga, wakienda kuvua vile visamaki vidogo vinavyokaa chini ya mawe na kula humohumo kwenye utelezi.

Majibu yalikuja baada ya wiki nne. Zebaki: haikugundulika. Risasi: haikugundulika. Nikaandika ile barua na kugonga mhuri. Mama mpishi aliisoma pale ubaoni neno kwa neno, akaniambia, "Ahsante, Mkuu." Kisha akaendelea kuteka maji ya chungu chake mwenyewe kwenye chemchemi iliyoko mbali, ng'ambo ya shamba la mihogo. Nilijua, lakini sikumwuliza.

Usiku wa tatu baada ya barua, masika yakaanza. Nilisikia mto ukinguruma kutoka kitandani. Asubuhi nilipokwenda kutazama, maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mikuyu, mekundu mazito. Wiki moja baadaye yalipopungua kidogo mawe yalionekana meusi tena, masafi kama ya mwaka 1981. Utelezi wote ulikuwa umekwenda zake.

Sasa nitaeleza jambo ambalo sikulisema wakati ule kwa mtu yeyote. Maneno ya yule binti hayakuwa mapya kwangu. Nilikuwa nimeyasikia miaka kumi na tisa kabla yake, tena kwa masikio yangu.

Mwaka 1984 nilipelekwa Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja katika mji wa Durham. Mwezi wa Mei 1985 baadhi yetu wageni tulichukuliwa kwa basi kwenda kuona milima ya Pennine, mahali panapoitwa Nenthead. Ni kijiji kidogo kilichoko juu sana kwa kipimo cha nchi ile, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, na mto mdogo wa Nent unaanzia hapo na kwenda kuungana na mto South Tyne kwenye mji wa Alston. Zamani kijiji hicho kilikuwa cha wachimbaji wa risasi. Kampuni iliyokuwa na machimbo iliendeshwa na Waquaker, ambao waliwajengea wafanyakazi nyumba, shule na hata maktaba. Jambo hilo lilinigusa kama mwalimu na nililiandika daftarini. Baadaye wakaja Wabelgiji kutafuta zinki. Sisi tulikuta magofu, mashimo, na vilima vya mawe yaliyosagwa ambavyo majani ya kawaida hayakuota. Machimbo yalikuwa yamefungwa siku nyingi, lakini maji yaliyotoka mlimani kupitia mahandaki yale yaliendelea kubeba zinki hadi siku ile tuliyosimama pale, na yangali yanabeba.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma botania alitushusha ukingoni akatuonyesha mwani. Alitueleza kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Brian Whitton na wenzake, wamekuwa wakiutumia mwani wa mito ya kaskazini kupimia metali. Wanaukwangua, wanauosha, wanaukausha, wanapima kilichomo. Alitaja aina moja iitwayo Lemanea, inayofanana na nywele nzito za rangi ya zeituni iliyokolea, ambayo hupenda maji yaendayo kasi na kung'ang'ania mwamba. Huonekana vizuri majira ya baridi hadi majira ya kuchipua, na kiangazi kikifika hukatika, ikabaki alama tu kwenye jiwe. Nilimwuliza kwa nini wasipime maji tu, kwani ni rahisi zaidi. Akanijibu kwa maneno ambayo, kwa Kiswahili, ni yaleyale aliyokuja kuyasema binti yetu: maji yanapita, mwani unabaki.

Niliyaandika hayo nayo. Daftari ninalo hadi leo. Nililifungua mwaka 2005, baada ya barua yangu kukaa ukutani mwaka mzima, na nikayakuta kwa mwandiko wangu, ukurasa uleule wa maktaba ya Waquaker.

Sijui nieleze vipi jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na asilijue. Pale Nenthead nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi huamini anachoonyeshwa. Pale kijitoni kwetu nilikuwa mkuu wa chuo mwenye fedha za sampuli moja.

Tangu nistaafu nimejaribu kulisoma jambo hili kama ilivyonipasa kulisoma mapema. Nitaeleza kidogo niliyoyaelewa, kwa namna ambavyo ningewaeleza wanachuo wangu.

Ukuta wa seli ya mwani una sehemu nyingi zenye chaji hasi. Metali zilizoyeyuka majini, kama vile zinki, shaba, risasi na kadimiamu, huwa na chaji chanya. Kwa hiyo zinavutwa na kushikwa juu ya ukuta, na kazi hiyo ni ya haraka, ya dakika na saa. Baadaye nyingine huingizwa ndani ya seli taratibu zaidi, kwa siku na wiki. Baadhi mwani unazihitaji, kama chuma, manganisi na zinki kidogo. Nyingine hauna kazi nazo, ila mlango ni uleule. Matokeo yake ni kwamba gramu moja ya mwani mkavu inaweza kuwa na metali mara maelfu kuliko gramu moja ya maji uliyoota. Tuseme lita moja ya maji ina zinki mikrogramu 10, kiasi ambacho hakimdhuru mtu yeyote. Mwani ukikusanya mara 5,000, kilo moja ya mwani mkavu itakuwa na mikrogramu 50,000, yaani miligramu 50. Nilipenda kuwapa wanachuo hesabu za namna hiyo. Hawakuzipenda.

Zebaki ina tabia zake. Yenyewe majini huwa haba mno, kwani hupenda kushikamana na matope na vitu vilivyooza, ndiyo maana chupa ya maji inaweza kuwa safi na mto usiwe safi. Bakteria wanaoishi ndani ya matope, na hata ndani ya matandiko mazito ya mwani, huweza kuigeuza kuwa methili-zebaki, ile iliyowaumiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956. Katika safari ya methili-zebaki kutoka majini hadi kwa mlaji, hatua moja kubwa kuliko zote ni ile ya kwanza, ya kutoka kwenye maji kuingia kwenye mwani: mara elfu kumi, mara laki moja, hata zaidi. Baada ya hapo ni wadudu na konokono wanaokula mwani, kisha visamaki, kisha yule mwenye kanga.

Jambo la majira ndilo lililonichukua muda kulielewa, kwani nilidhani ni jepesi. Nilidhani mto ukiwa na metali nyingi mwani utakuwa nazo nyingi, na ukiwa nazo haba mwani utakuwa nazo haba. Sivyo. Chukua sufuria ya nyama ya Jumapili kule bwaloni. Nyama ni ileile kilo ishirini. Ikigawiwa wanachuo mia, kila sahani ina vipande vya kuonekana. Wakija mia tatu, sahani ina mchuzi. Mwani nao ukipata jua na mbolea hukua upesi, na metali zilizoingia zinagawanyika katika mwili mkubwa. Ukipima gramu moja unakuta kidogo. Ukidumaa, kila gramu inazidi kujaa. Kwa hiyo mtu anaweza kukwangua mwezi mmoja akafurahi, kumbe ametazama sahani moja tu, hakutazama sufuria. Lazima ajue pia utelezi wote juu ya jiwe una uzito gani.

Tena huku kwetu hakuna theluji wala majira yao manne. Kalenda yetu ni ya maji. Januari na Februari jua ni kali na kijito ni chembamba. Utelezi unaongezeka siku hadi siku, na kila kinachopita polepole kinapata muda wa kushikwa. Masika yanakuja Machi au Aprili na kuufagia. Kipupwe utaanza tena kwa uoga, kwanza ule utando wa hudhurungi, kisha nyuzi. Vuli itaupunguza au itauondoa, kutegemea mwaka. Hivyo kilichokusanywa kwa wiki nane au kumi kinaweza kuteremka chote katika usiku mmoja, hadi huko bondeni ambako mto unapoa na kuacha mzigo wake. Mtu wa chini anapokea kwa mkupuo mmoja kile ambacho mtu wa juu alikiona kwa matone.

Kuna na la saa. Idara ya Jiolojia ya Marekani ilipima mito ya milimani huko Montana, yenye machimbo ya zamani, usiku na mchana bila kupumzika. Ikaonekana kwamba zinki majini hupanda usiku, hufika juu kabisa kabla ya jua kuchomoza, na hushuka alasiri, na tofauti kati ya alfajiri na alasiri inaweza kuwa ya mara kadhaa. Sababu moja ni mwani wenyewe. Mchana unapotumia mwanga kujitengenezea chakula huondoa kaboni dioksidi majini, maji yanapungua uchachu, na metali zinashikamana zaidi na mawe na utelezi. Usiku mambo yanageuka. Niliposoma hayo nililiweka lile jarida chini. Mimi nilikwenda saa tisa alasiri, baada ya vipindi. Kweli zebaki si zinki, wala sidai kwamba ningekwenda alfajiri ningekuta chochote. Lakini nilichagua saa kwa kuangalia ratiba ya chuo, wala sikujiuliza kama mto nao una ratiba yake.

Sijawahi kusikia kwamba mtu yeyote pale aliugua kwa sababu ya maji yale. Wachimbaji waliondoka kabla ya mwaka kwisha, kwani dhahabu ilikuwa haba. Wale watoto watatu ni watu wazima sasa. Mmoja ana bodaboda na huwa ananibeba kwenda sokoni. Huenda barua yangu ilikuwa kweli tangu mwanzo. Hilo silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba lilikuwapo jambo la kuulizwa, aliyejua kuliuliza alikuwa amesimama nyuma yangu, jibu lilikuwa chini ya viatu vyetu, nami nikalifanyia mzaha. Na masika hayakungoja. Utelezi wa mwaka ule hauwezi kupimwa tena na mtu yeyote.

Yule mkufunzi alihama mwaka 2006, akaendelea na masomo, na leo anafundisha chuo kikuu. Tulikutana kwenye msiba mwaka 2022. Nikamwambia yote, pamoja na habari za daftari la Nenthead. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikwisha sahau." Sikumwamini, lakini nilimshukuru. Ndipo akaniuliza kama bado naishi karibu na kijito, na kama nina nafasi.

Mstaafu hakosi nafasi. Amenipa maelekezo katika karatasi mbili. Nimetengeneza fremu ya plastiki ya sentimita 10 kwa 10. Ninaiweka juu ya jiwe, nakwangua kilichomo kwa mswaki mpya, si kwa kisu, kwa sababu kisu kinaweza kuacha metali zake. Nachagua mawe matano, mahali palepale, siku ya 15 ya kila mwezi, na saa ni ileile, saa moja asubuhi. Mjukuu wangu anashika ndoo na kusoma kipimo cha kina cha maji kwenye mti niliousimika. Nasuuza kwa maji ya kijito chenyewe, natandaza kwenye karatasi safi, nafunika kwa kawa ili vumbi lisiingie, nakausha kivulini, kisha natia katika bahasha na kuandika mwezi. Mke wangu alitaka kujua kwa nini kawa yake ya wali imekwenda kufunika matope. Nikamnunulia nyingine.

Tulianza Juni 2023. Bahasha ya Juni ni nyembamba, ya Agosti ina utando wa hudhurungi tu, ya Septemba na ya Oktoba zimenona. Kisha zikaja mvua za El Niño za mwisho wa mwaka ule, na ya Novemba haikupata kitu. Ya Februari 2024 ndiyo nzito kuliko zote, hata nilipoishika mkononi nilihisi tofauti. Ya Aprili ilikuwa zamu ya masika. Tulikwenda na fremu na mswaki kama kawaida, tukasimama mbali na ukingo, kwa sababu mto ulikuwa umeumeza ule mti wa kipimo na mawe yetu yote matano. Tuliporudi nyumbani nilichukua bahasha, nikaandika: "15 Aprili. Mto umejaa. Mawe hayaonekani. Hakuna."

Mjukuu akaniuliza, "Babu, na hiyo tupu nayo tutaipeleka?"

Nikamwambia aiweke kwenye boksi, kati ya ya Machi na ya Mei.